Shahidi Kwenye Ekzosi

Mafuta yalikuwa yanakwisha kabla ya safari kwisha, na Raya aliamini anajua yanakokwenda. Pikapu yake ya samaki iliondoka Katesh tangi limejaa, ikafika Basotu, ikarudi inakohoa. Dereva alikuwa mmoja tu, mzee Xavery, aliyeanza kuendesha magari ya baba yake Raya kabla Raya hajaota meno. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Akaona aibu. Kisha akajiambia tena.

"Injini ndiyo inayokunywa," mzee Xavery alisema kila alipoulizwa. "Tangu Abel afunge ile kompyuta yake."

Abel alikuwa fundi wao. Kompyuta ya injini ilipoingia maji kwenye korongo la njia ya Yaeda Chini, alifunga nyingine, ya kupangwa kwa laptop, na alikiri kwamba kiasi cha mafuta alikikisia kwa sikio.

"Niwekee kitu kitakachosema ukweli," Raya alimwambia.

Abel akamweleza habari za sensa ya oksijeni, inayokaa kwenye bomba la moshi na kunusa kama injini imekula mafuta mengi au hewa nyingi. "Ile ya kawaida inajua maneno mawili tu: mengi, kidogo. Hii inayoitwa pana inakutajia na kiasi, na namba unaiona kwenye geji. Ninayo mpya, na ninayo iliyotoka kwenye gari lingine."

"Mpya. Shahidi aliyezunguka sana simtaki."

"Dada Raya, hii ni sensa. Haina hata shemeji."

Siku ya kuifunga, mzee Xavery alikuja mapema akakaa juu ya tairi bovu. Raya, ambaye siku zote shikamoo yake ilitangulia miguu, alimwuliza tu, "Umefika?"

Mzee alimtazama kidogo. "Nimefika."

Abel alitoboa bomba chini kidogo ya injini, akachomelea nati nene, akaiinamisha ili unyevu usituame kwenye sensa. Mzee Xavery alichungulia mara mbili.

"Hicho kinaonyesha na njia lilizopita gari?" aliuliza.

"Kwa nini, mzee?" Raya alidakia.

"Nauliza tu. Njiani, pale Dirma, nashukaga kwa Hilaria, kumsalimia."

Raya alimjua Hilaria, binti wa mzee. Alimjua na mume wa Hilaria. Mume huyo alikuwa na pikipiki, nayo hunywa petroli. Moyo wa Raya ukaunganisha mambo hayo haraka, kama mtu anayefunga mzigo mvua ikianza.

Abel akawasha injini. Geji ikatulia kwenye kumi na saba.

"Hewa kumi na nne na kitu kwa mafuta moja ndiyo sawasawa," alisema. "Ikishuka, inakunywa. Ikipanda, ina njaa. Hii imefunga Ramadhani."

Raya akanyoosha mkono. "Naomba funguo, mzee."

Mzee Xavery alizitoa, akaondoka kwa miguu.

Raya alitaka kwenda nyumbani, akashindwa. Alibaki amesimama nyuma ya gari, injini ikinguruma, mpaka Abel alipokuja kuokota spana zake.

"Dera lako limefanya nini?"

Pindo lote lilikuwa jeusi. Abel akazima injini, akapitisha kidole kwenye mdomo wa ekzosi, kikatoka na masizi. Akafungua plagi moja: nyeusi kama sufuria ya kuni.

"Injini yenye njaa haitoi masizi," alisema taratibu.

Akaiwasha tena na kupitisha kiganja kwenye maungio ya bomba na injini. Moshi ulikuwa ukipumua pale, fu, fu, fu. Gasketi inayoziba maungio hayo ilikuwa imepasuka, na hewa ya nje iliingilia hapo kabla moshi haujafika kwenye sensa.

"Ilikuwa inanusa upepo wa Katesh, dada. Siyo injini."

Alibadilisha gasketi, akakaza. Namba ikashuka mpaka kumi na moja.

"Mlevi," Abel alisema, bila kucheka.

Raya alimkuta mzee Xavery nyumbani kwake, akimkatia ng'ombe mabua. Alimweleza yote akiangalia chini. "Nimekukosea, baba. Naomba urudi."

Mzee aliendelea kukata. "Kwa hiyo kidude kilinishtaki, halafu kikanitetea."

"Ndiyo."

"Na wewe ukakiamini mara zote mbili."



Mzee Xavery alirudi kazini Abel alipomaliza kupanga upya kiasi cha mafuta kwenye kompyuta. Asubuhi ya safari ya kwanza aliingiza pikapu kituo cha mafuta, mkabala na duka la Raya, akafungua kifuniko cha tangi na kusimama nacho mkononi.

"Njoo ushuhudie, tajiri," aliita kwa upole.

Tangu Raya azaliwe, mzee alikuwa akimwita mwanangu.

"Hakuna haja, mzee," Raya alijibu kutoka mlangoni.

Mzee hakusogea. Mhudumu alisubiri na mpira wa mafuta mkononi. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Raya akajitanda mtandio wake vizuri, akavuka barabara.