Barua Iliyokwenda Mikono Mitupu

Kosa lenyewe, jamani, lilikuwa kistari na herufi moja.

Kompyuta ya ofisi ya kanisa pale Same, mwaka tisini na tisa, ilikuwa na kioo cheusi tu. Barua pepe unaituma kwa kuandika amri. Ukitaka ibebe faili, unaandika kistari, herufi a, halafu jina la faili. Usipoandika, barua inakwenda mikono mitupu, na mashine wala haikuulizi. Yudith, karani wa hapo, aliyajua hayo kama jina lake. Lakini siku anatuma maombi ya Beatha ya kujiunga na chuo alikuwa anapiga soga kwenye simu. Akasahau.

Beatha wa Gonja alikuwa mhudumu wa zahanati ya shamba la mkonge, mpaka shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi wakapunguzwa wote. Tumaini lililobaki lilikuwa chuo cha uuguzi, na mwaka unaofuata umri usingemruhusu tena.

Jibu likaja: vyeti havikuonekana, nafasi zimejaa. Yudith alilisoma, akalifuta. Beatha alipopita kuuliza, akamwambia, "Hawakukuchukua, mdogo wangu." Uongo si uongo, ukweli si ukweli. Mwoga mkubwa! Neno moja tu lilimshinda.

Wiki ya tatu Beatha akaja tena, na kifurushi cha tangawizi.

"Shikamoo, dada. Nimekuletea asante. Wewe ulinihangaikia, alama zangu ndizo mbaya."

Yudith alishindwa kunyoosha mkono. "Alama zako hawakuziona, Beatha. Nilisahau kuambatanisha vyeti. Ni mimi."

Beatha alimkodolea macho. "Kwa hiyo sikushindwa?"

"Hukushindwa."

"Ulijua lini?"

Hapo angeweza kusema, "Leo." Nani angemkatalia? Ulimi ulikwisha kuanza, akauzuia.

"Hata kabla hujaja kuuliza."



"Kusahau, binadamu tunasahau," Beatha alisema. "Lakini juzi, dada, nimemwambia mwanangu asome kwa bidii, asije akawa mbumbumbu kama mama yake."

Akajitanda kanga, akatoka mbio kuwahi gari la Gonja, ili akamwambie mtoto.