Disketi ya Skola

Taa ya kijani iliwaka, ikagoma kuzimika, na Recho akajua papo hapo kwamba amefanya jambo la kijinga. Taa ya draivu ya disketi haiwaki hivyo. Inatakiwa imulike kidogo, izime, imulike tena. Hii ilikodoa tu.

"Zima!" Dismasi akapiga kelele kutoka mlangoni. "Recho, zima! Chomoa! Chomoa kabisa!"

Recho alichomoa waya wa umeme kwa nguvu hadi soketi ikang'oka ukutani. Akabaki ameushika mkononi.

"Disketi imo?" Dismasi akauliza.

Recho akautazama ule waya.

"Nakuuliza wewe, disketi ya mama yako imo humo ndani?"

"Imo."

"Mungu wangu!" Dismasi akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu, Recho!"

Sasa ngoja nieleze, maana asiyejua atadhani watu wazima wawili wamepagawa kwa ajili ya kipande cha plastiki. Mama yake Recho aliitwa Skolastika, Skola kwa waliompenda, na alifariki Recho akiwa bado hajajua hata kukaa. Picha ilibaki moja, ya kipaimara, amesimama katikati ya wenzake na kivuli kimemfunika uso. Basi. Recho amekua, ameolewa, amezaa, amefungua banda lake la ufundi hapa Kasingirima, anafunga sola na kufufua redio za watu, na hajui mama yake alikuwa na sauti nene au nyembamba. Na sauti yenyewe ipo jamani! Imelala miaka yote chini ya kitanda cha mama yake mdogo, Yuliana, ndani ya boksi, kwenye disketi moja iliyoandikwa kwa wino: SKOLA.

Iliingiaje humo? Skola alikuwa mwimbaji wa kwaya huko Kalinzi milimani, na padri mzungu wa pale alikuwa na kompyuta ya nyumbani, ile aina ya kizamani ambayo kibodi na mashine ni kitu kimoja na picha unaitazamia kwenye televisheni. Alikuwa na kidude cha kunasia sauti, akamnasa Skola akiimba. Padri alipohamishwa, Skola akiwa ameshazikwa, alimkabidhi Yuliana kompyuta na disketi na kumwambia atunze. Yuliana akatunza, tena akatunza kupita kiasi! Alipoteremka Ujiji kuanza biashara ya dagaa, boksi likateremka naye, na hakuruhusu mtu kuligusa mpaka mwaka huu, Recho alipombembeleza hadi akachoka.

Mashine ilipofunguliwa, ajabu, ilikuwa hai. Kilichokufa ni draivu yake. Vyuma vimegandana kwa kutu na mende walishafanya humo ukoo mzima. Na draivu ya aina ile utaipata wapi? Kigoma nzima hakuna, na sidhani kama Dar es Salaam ipo. Ndipo Dismasi, Muha wa Kasulu anayetengeneza kompyuta jirani na banda la Recho, akaleta draivu aliyoing'oa kwenye kompyuta ya ofisi iliyotupwa. Disketi iliingia vizuri kabisa. Tatizo, haikuelewana na mashine. Mashine iliita draivu namba sifuri, na hii ya ofisini imezoea kuitika namba moja. Tena mashine ilitaka kuambiwa kwamba disketi iko tayari, na hii haikufundishwa kusema hivyo. Wakashinda wakikwangua, wakikata njia za umeme na kuchomelea nyuzi nyembamba kama nywele, wakibishana na kutukanana kirafiki, mpaka ikabaki kazi moja tu, kuchomeka waya bapa unaounganisha draivu na mashine.

Waya ule una mstari mwekundu upande mmoja. Dismasi, akiwa anatoka kupokea simu, alisema, "Nyekundu iende kwa moja. Halafu nisubiri, tujaribu kwanza na disketi tupu."

Nyekundu iende kwa moja, yaani kwenye pini ya kwanza. Lakini nje bodaboda ilikuwa inanguruma, na Recho ni mtu wa sola. Masikio yake yalisikia alichozoea kusikia kila siku ya Mungu: nyekundu iende kwa moto. Moto ni umeme. Akaelekeza mstari mwekundu upande unakoingia umeme, na kwenye draivu hii pini ya kwanza iko upande mwingine kabisa. Kosa hilo namsamehe, lingempata fundi yeyote. Ila kumsubiri Dismasi hakuweza. Disketi ya mama yake ilikuwa pale mezani inamtazama, mkono ukaichukua wenyewe, ukaitia.

"Imefanya nini?" Recho aliuliza sasa. "Niambie ukweli, Dismasi."

"Waya ukigeuzwa, draivu inapokea amri zote kwa mpigo. Zunguka, andika, futa. Pale kichwa cha kusomea kilipokuwa kimesimama, pamefutika."

"Pote?"

"Pale tu. Sehemu ndogo."

"Pana nini hapo?"

"Nitajuaje mimi?"

Recho alikaa chini sakafuni, palepale kwenye vumbi la risasi ya kuchomelea na vipande vya nyaya. Sauti ya mama yake, kitu pekee kilichobaki duniani, na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ameitia kwenye mashine ya kuifuta. Alitamani apigwe.

Na kama vile haikutosha, Yuliana akaingia. Alikuwa ameacha dagaa zake Kibirizi kwa jirani wa soko, ameoga, amevaa kitenge cha kanisani. Alikuja kumsikiliza dada yake.

"Shikamoo mama," Dismasi akasema, macho chini.

"Marahaba. Mbona hivi? Kafa nani?"

Recho hakuweza kumdanganya. Alimweleza yote akiwa amekaa vilevile chini. Yuliana alisikiliza, akavuta stuli, akakaa, akakunja mikono mapajani.

"Sasa kulia lia kutasaidia nini?" alisema. "Geuzeni huo waya. Washeni. Tusikie kilichobaki."

Dismasi alirudisha soketi ukutani, akageuza waya yeye mwenyewe, akahakikisha, akahakikisha tena. Wakajaribu na disketi tupu. Taa ikamulika, ikazima, ikamulika. Ndipo Recho akaitia ile ya SKOLA, akakosa tundu mara ya kwanza. Padri alikuwa ameitengeneza ianze yenyewe, Mungu amrehemu. Draivu ikakoroma, televisheni ikageuka buluu, kukawa na mvumo.

Kisha Skola akaimba.

Alikuwa na sauti nene! Recho alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Maisha yake yote alimwazia mama mwenye kisauti chembamba, na kumbe ilikuwa nene, nzito, yenye mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu anayeweza kukuita kutoka kilima cha pili. Yuliana alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. "Ni yeye," alisema. "Ni yeye kabisa. Jamani, dada yangu." Machozi yalikuwa yanamteremka na wala hakuyafuta.

Katikati ya ubeti, mtoto mchanga akaanza kulia kwa nyuma. Kilio kikali cha hasira. Wimbo ukakatika. Skola akacheka, kicheko kabisa, wakakisikia.

"Padri, subiri kidogo, analia," alisema. Halafu akageukia pembeni, na sauti ikalainika, akimbembeleza mtoto kwa Kiha anyamaze. "Hora, hora. Hora Butoyi, hora mwanangu."

Recho alikuwa ameshaanza kutabasamu na kulia kwa pamoja. Mama yake alikuwa anambembeleza! Alipakatwa, alibembelezwa, ushahidi huu hapa! Kisha neno likamfika. Alimtazama Dismasi, na Dismasi alikuwa ameganda, mdomo wazi. Hakuna Muha asiyejua jina lile. Humpi mtoto jina la Butoyi kwa kulipenda tu. Butoyi ni pacha, yule anayezaliwa wa pili. Wa kwanza ni Bukuru.

"Mwangalie mwenzio Bukuru," Skola aliendelea, bado anacheka, "yeye wala halii, yeye ni…"

Krrrr. Krrrr. Draivu ikakwaruza, ikakwaruza tena, na televisheni ikaandika kwamba haikuweza kusoma. Dismasi akabonyeza iruke. Ikaruka.

"…haya padri, tuendelee," alisema Skola, akaimba ubeti wa mwisho, na ikaisha. Haikufika hata dakika mbili.

Recho alijigeuza polepole kumwelekea mama yake mdogo. Yuliana alikuwa amekaza macho ukutani.

"Mama mdogo. Mimi nilizaliwa pacha?"

Yuliana akakunja ncha ya kitenge chake.

"Mama mdogo!"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Na Bukuru yuko wapi? Alikufa?"

"Sikujua kama yamo humo," Yuliana alisema. "Padri aliniambia ni wimbo wa kwaya. Nilijua ni wimbo tu."

"Sikuulizi habari za wimbo!"

Recho hakuwahi kumpandishia sauti namna ile tangu azaliwe. Dismasi akataka kutoka nje, Recho akamwambia kaa, naye akakaa.

"Baba yenu alikuja tulipomaliza matanga," Yuliana akasema. "Amuri. Alikuja na boti kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Nilikudanganya kwamba alimwacha mama yako ukiwa tumboni, haikuwa hivyo. Alisema haondoki mikono mitupu, damu yake hawezi kuiacha yote. Na mimi nilikuwa binti tu, Recho, sina mume, sina kazi. Wawili ningewalisha nini? Akasema, basi wewe baki na mmoja, mimi nichukue mmoja. Chagua wewe."

"Ukachagua." Recho alisema taratibu. Hasira ilikuwa imeanza kumshuka, akamwonea hata huruma. "Ukanichagua mimi."

"Nilimbakiza asiyelia," Yuliana akasema.

"Unasema?"

"Nisamehe. Mwenzako alikuwa analia mchana, analia usiku, hanyamazi ukimpa maziwa, hanyamazi ukimbeba. Nikajua huyu atanishinda. Nikampa Amuri yule. Kisha vita vikaanza huko ng'ambo, habari zikakatika, na sikumtafuta. Niliogopa watakuja kukuchukua na wewe."

Recho alimtazama. Dismasi ndiye aliyeelewa wa kwanza, akageuza uso.

"Yule anayelia humo," Recho akasema, akionyesha mashine. "Anayeambiwa hora. Huyo ndiye alikwenda Kalemie?"

"Ndiye."

"Butoyi."

"Ndiyo, mwanangu. Wewe ni Bukuru."

Recho akarudi kwenye mashine, akaianzisha tena. Hakuutaka wimbo, aliuvumilia tu. Kilio kikaja. Kicheko kikaja. Hora Butoyi. "Mwangalie mwenzio Bukuru, yeye wala halii, yeye ni…" Krrrr. Akaianzisha mara nyingine, akasogeza sikio mpaka kwenye kioo cha televisheni. "Yeye ni…" Krrrr.

"Mimi ni nani?" aliuliza. "Alisema mimi ni nani?"

"Sijui," Yuliana akasema. "Sikuwepo siku hiyo. Nilikuwa shambani."

"Dismasi, rudisha hapo. Wewe unajua kompyuta. Rudisha."

"Hapo hapana kitu tena, dada yangu," Dismasi alisema, na alikuwa analia naye. "Pamefutika."

Ndipo Recho akapiga yowe. Alilia kwa sauti nene, nzito, mpaka wapita njia wakasimama barabarani kuuliza kuna msiba gani. Yuliana alishuka kwenye stuli, akakaa naye chini kwenye vumbi na kile kitenge chake cha kanisani, akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Hakumwambia anyamaze.