Taja Jina, Mutoto Atoke

Miye hasira yangu iko karibu, kila mutu wa Lusangi anaijua. Lakini ndani ya materinite nimejifunza kuimeza, sababu mwanamuke mwenye uchungu hahitaji kelele za muzalishaji.

Siku ile ilikuwa saa ine ya asubuhi. Esther-Divine, mimba yake ya kwanza, njia imefunguka yote lakini mutoto hashuki. Bwana yake, Heri, iko Salamabila anachimba zahabu. Mama mukwe wake, Mama Cécilia, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda.

"Taja jina," alimwambia muka-mwana wake. "Siri ndiyo inafunga mutoto. Nani mwengine alilala na weye? Taja, atoke."

Ndiyo desturi yetu, siwezi kuikana. Uchungu ukikawia, mwanamuke anaulizwa jina. Na akilitaja, ndoa imekwisha.

"Hakuna mutu, mama!" Kisha nguvu zikamwishia, akanishika mukono. "Mama Rosine, nitaje nani? Nimechoka. Nitataja yeyote."

Aka! Hasira ikanipanda mpaka kichwani. "Usitaje hata kuku! Hapa miye ndiye ninauliza. Ulikojoa lini?"

"Jana mangaribi. Mama alinikataza kushuka kitandani."

Nikapapasa tumbo. Kibofu kimevimba kama papai, kimemuzibia mutoto njia. Ni swali la kwanza kabisa, na nilipopokea zamu sikuliuliza. Nilijikasirikia kweli.

Nilisikiliza moyo wa mutoto, ulikuwa unapiga vizuri. Nikaleta beseni, nikamushika Esther-Divine mabega, akachutama. Alikojoa mpaka nikafikiri hatamaliza. Tukatembea kidogo, akachutama tena, mikono shingoni mwangu. Nusu saa haikufika, mutoto huyu hapa, binti, analia kwa nguvu.

"Umeona, Mama Cécilia?" nilimutania. "Siri yenyewe ni mukojo!"

Hakucheka. Alikuwa amemupakata mujukuu wake, machozi yanamushuka.

"Wakati wa kumuzaa Heri, miye nilitaja," alisema polepole. "Nilitaja Asani, jirani yetu. Hakunigusa hata siku moja. Walimupiga, akahama na watoto wake. Bwana yangu akanirudisha kwetu miaka miwili."

Esther-Divine aligeuza kichwa, akamwangalia.

"Sasa mama, na weye ulijua ni uongo?" nilimwuliza.

"Nilijua. Lakini Heri alitoka, Mama Rosine. Nikasema, kumbe hata uongo unatoa mutoto."