Mpiga Kengele

Nianze kwa kukiri kosa. Mara ya kwanza kusimulia habari hii nilimfanya mwalimu Benedikto mtu mbaya, watu wakacheka, nami nikajiona fundi. Nilikosea. Benedikto alikuwa mtu mwema, na balaa lote lilipitia kwenye huo wema wake.

Alikuwa mwalimu wa dini katika kijiji cha misheni huko juu Uluguru, mwaka ule vita vya Wazungu vilipopanda milimani na Mjerumani akawa anarudi nyuma kuelekea Kisaki. Mpole huyo! Mbuzi wakimlia maharage aliwaomba radhi kabla ya kuwafukuza. Padri alipoondoka alimwachia kanisa na kibali: yeye na mpiga kengele wake wasichukuliwe upagazi.

Asubuhi hiyo alikuwa nje ya kanisa, anawafundisha akina mama habari ya watu wenye heri.

"Wapole wana heri," alisema. "Mungu atawapa nchi iwe yao."

Bibi Rosa akadakia. "Kwa ukoo gani, mwalimu? Hapa ardhi ni ya mama. Huyo mpole mama yake nani?"

"Mpole ninaye nyumbani," akasema mwingine, "na hata jembe analolimia ni la kwetu!"

Walicheka mpaka watoto mgongoni wakaamka. Benedikto naye akacheka, na dada yake Scholastika, aliyekaa mbele kabisa, akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kaniki.

Kisha wakanyamaza. Jumbe Kibwana alikuwa anapanda na askari wawili, nyuma yao vijana waliofungwa kamba shingoni. Gabrieli, mwana pekee wa Scholastika, alikuwa anapalilia kando ya njia. Askari wakamshika kabla hajawahi hata kutupa jembe.

Kisha wakamgeukia baba yake, Leonard. Leonard akainua mikono. "Mimi hapa nimeoa tu, mabwana. Mtoto si wangu kumtoa wala kumzuia. Muulizeni mjomba wake."

Ndivyo ilivyo kwa Waluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba.

Macho yote yakamwendea Benedikto. Jumbe akakohoa. Alikuwa Mwislamu, lakini walikua pamoja, na sasa alikuwa anamfungulia mlango.

"Mwalimu, huyu si ndiye mpiga kengele wako?"

"Sema ndiye, kaka," Scholastika akanong'ona. "Sema ndiye tu."

Neno moja. Na kweli Gabrieli alishawahi kuivuta kamba ya kengele, siku mwalimu alipougua. Lakini akina mama walikuwa wanamtazama, mafundisho bado ya moto mdomoni mwake, na moyo wake ukajaa utamu ambao hakuwahi kuuonja.

"Hapana," akasema. "Kengele napiga mwenyewe."

"Umenisikia vizuri, mwalimu?"

"Nimekusikia, jumbe. Siwezi kusema uongo."

"Haya. Mungu akusaidie, maana mimi nimeshindwa."

Gabrieli alipopitishwa mbele yake alisema, "Shikamoo, mjomba," kama mtu anayekwenda sokoni. Benedikto akaitikia, "Marahaba."

Ningesema alihuzunika siku ile, ningewadanganya. Alijiona ana heri. Mchana alipiga kengele kwa mikono miwili.

Masika yalikuwa yanakatika alipofika Salum, mpagazi wa Turiani, amebaki mifupa na macho. Aliulizia kwa Scholastika, akapewa ugali, akala kidogo, kisha akasukuma sahani.

"Mama, mwanao aliharisha damu. Tulimwacha huko bonde la Rufiji. Tulitafuta pakavu tumzike, hapakuwepo."

Scholastika hakupiga kelele. "Mzigo wake ulikuwa wa nini?"

Salum akatazama chini. "Viti, mama. Viti vya mabwana wakubwa."

Scholastika akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Watu wakajaa uani, lakini hakuna aliyelia kwa sauti. Msiba wa mtoto huanzishwa na mjomba, na mjomba alikuwa bado njiani. Alipotokea wakampisha. Bibi Rosa, ambaye hajawahi kukosa neno, alikuwa anachora chini kwa kijiti. Leonard alimpa mkono, mkono umelegea, wala hakumtazama.

Benedikto akasimama mlangoni.

"Hodi."

Akatafuta lile neno alilowafundisha watu miaka yote, kwamba wanaolia watafarijiwa. Akalipata, akaliacha.

"Hodi, dada."

Kuku akapita katikati ya miguu yake. Alipiga magoti, akaweka paji la uso kwenye ubao wa mlango, akasema kwa sauti ya chini ili walio nyuma wasisikie, ingawa wote walisikia:

"Dada, sikuja kufundisha. Nifungulie, nami nilie."