Sinia la Kumuaga Bingwa

Je, wewe umewahi kumwona mwanamume mzima, kifua kama mlango wa ghala, akaogopa sinia la pilau? Basi Sitara binti Mwinchande alimwona, na mtu huyo alikuwa mumewe.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa hamsini na sita, nyumbani kwao Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Mwinyimvua, kuli wa bandarini na bingwa wa ngumi wa uzito wa juu kwa miaka saba mfululizo, alikuwa ameuaga ulingo. Watu wa mtaa wakasema haiwezekani mtu kama yule aache ngumi kimyakimya kama anayeacha ugoro. Huyu akaleta mbuzi, huyu mchele wa Rufiji, huyu mzigo wa kuni, na kazi ya kupika wakamwachia Sitara na jirani yake Kuruthumu.

Tangu alfajiri wawili wale walikuwa uani. Vitunguu vilikaangwa mpaka vikawa rangi ya tende, iliki na bizari nzima zikatwangwa, nyama ikalowekwa kwa tangawizi, na sufuria kubwa la kuazima likapaliwa makaa juu ya mfuniko. Lakini Sitara alikuwa anapika kama mtu anayepikia matanga.

"Mbona umenuna, shoga?" Kuruthumu alimuuliza. "Leo siku yenu. Na sifa nusu ni zako wewe, mji mzima unajua. Kila siku ya pambano ulifunga, ukakaa juu ya mswala toka adhuhuri mpaka mtu aje kugonga dirisha kukwambia kashinda. Watu wana msemo wao siku hizi: dua ya mke ndiyo glovu ya kwanza."

Sitara alichochea kuni ambazo hazikutaka kuchochewa.

Shida ilikuwa mkono wa kulia wa mumewe. Ule ule mkono ambao watu waliupa jina Msumari, uliowalaza mabondia wa Tanga, Zanzibar na Mombasa, sasa ulikuwa unatetemeka kama jani la mpapai. Ulianza miaka mitatu nyuma, baada ya pambano na yule mtu wa Mombasa, siku ambayo Mwinyimvua alipigwa kichwani raundi tisa na katika ya kumi akashinda. Kwanza chai ilimwagika kwenye kisahani. Halafu vifungo vya shati vikamshinda, Sitara akawa anamfunga yeye, mlango umerudishwa. Halafu chakula. Daktari alimwambia mishipa ya kichwani imetikisika, na kwamba akiongeza pambano moja ataongeza na kiti cha kukalia maisha. Mwinyimvua akarudi nyumbani akamwapisha mkewe: asijue mtu. Kwa watu akasema, "Nawaachia vijana."

Mkono wa kushoto ulikuwa mzima kabisa. Lakini nani atapeleka mkono wa kushoto kwenye sinia la watu?

Ndiyo maana miaka miwili hii hakuonekana kwenye harusi wala hitima. Akialikwa, amefunga. Kama si kufunga, ameshiba. Watu wakasema bingwa ana majivuno, hali na wenziwe. Nyumbani Sitara alimpikia uji mzito, akamtilia nusu kikombe kikubwa cha bati, naye akaunywa kwa mikono miwili kama mtoto.

Karamu hii hakuweza kuikwepa. Mtu hakimbii pilau la kumuaga yeye mwenyewe. Kwa hiyo Sitara alipanga jambo. Miongoni mwa waalikwa alikuwamo Bwana Devendra, mwuza vitambaa wa mtaa wa pili, aliyewahi kumnunulia bingwa glovu zake za kwanza. Devendra hali nyama. Sitara akampikia wali wa nazi na mboga ya viazi katika chungu mbali, akamwekea meza ndogo pale ukumbini, na viti viwili. Vijiko viwili. Mumewe akae pale kumpa mgeni heshima, atumie kijiko, akishike kwa kushoto akitaka. Mezani nani atamuuliza?

Baada ya sala ya Ijumaa wanaume wakaingia, wakavua viatu, wakakaa mkekani wakizunguka masinia. Kabla hata bakuli la kunawia halijazunguka, ubishi ulikuwa umekwisha kuwaka. Sitara alikuwa nyuma ya pazia la uani, akisikia kila neno.

"Mimi nasema tena," alisema Abbasi, fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye ulimi mrefu kuliko futi yake ya kupimia. "Bingwa haagi. Bingwa huangushwa. Yule kijana Elisaria wa reli amemwita mara tatu. Mara tatu! Huyu anasema nawaachia vijana. Amwachie basi ulingoni, si barazani!"

"Astaghafiru, fundi, umekuja kula mbuzi wa kumuaga huku unamkejeli?" Huyo alikuwa Hamis, aliyemshikia bingwa taulo na ndoo ya maji miaka yote saba. "Tanga mpaka leo wakilisikia jina lake wanatafuta pa kukaa. Na yule wa Mombasa je?"

"Yule wa Mombasa alikuwa babu! Alipanda ulingoni meno kayaacha nyumbani, yasije yakavunjika."

Watu wakacheka. Sitara akauma upindo wa kanga yake. Alikuwa na neno moja tu, neno la daktari, ambalo lingemfunga Abbasi mdomo mpaka Idi. Lakini alikuwa ameapa.

Mwinyimvua alikuwa ameketi mezani na Devendra, amevaa kanzu mpya, mkono wa kulia ameukalia.

"Hebu mtazameni," Abbasi akaendelea. "Leo kapata meza. Kijiko! Sisi tuliopiga makelele mpaka sauti zikakauka tuko chini, yeye kawa Bwana Shauri wa serikali. Au mkono wetu unanuka?"

"Mwacheni, ananitunza mimi mgeni," alisema Devendra kwa upole.

"Wewe tunakujua, Bwana Devendra, dini yako imekukataza nyama. Yeye kimemkataza nini? Anaogopa Elisaria, haya. Anaogopa na pilau?"

Sitara alimwona mumewe akigeuka kulitazama pazia. Akamtikisia kichwa kwenye upenyo: usiende. Lakini alimjua mtu wake. Kila mara alipoitwa mwoga alikuwa ananyanyuka, na ndivyo alivyofika hapo alipofika. Mwinyimvua aliinuka, akashuka mkekani, akakaa baina ya Hamis na Abbasi, akanawa.

"Huyo ndiye bingwa wa watu!" Hamis akapiga kofi. "Bismillahi."

Mkono ukaingia kwenye sinia. Pilau lilikuwa limechambuka vizuri, punje mbali punje, na hilo Sitara alilijutia. Laiti angelipika bokoboko, linaloshikana. Vidole vilikusanya wali, vikauinua, na kabla haujafika kidevuni ulikuwa umekwisha kumwagika wote, mwingine kwenye kanzu ya Abbasi.

"Bwana we!" Abbasi akacheka. "Hata pilau unalipiga konde?"

Wakacheka wote. Mwinyimvua akarudia. Safari hii alijaribu kipande cha nyama, kikamponyoka, kikaangukia mkekani. Mara ya tatu akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kwenye kifundo, kama mtu amkamataye mwizi, akauongoza kuelekea mdomoni. Ikaanza kutetemeka yote miwili. Wali ukawa unadondoka kwenye sinia, na kila mtu alisikia punje zikigonga bati, maana hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Malaria," alisema Hamis. "Ana homa huyu. Tangu juzi ana homa."

Abbasi aliutazama ule mkono muda mrefu. Halafu akachota wali, akaufinyanga taratibu kiganjani mpaka ukawa tonge gumu, akachomeka na kinofu cha nyama, akaliweka ukingoni mwa sinia, upande wa Mwinyimvua. Mwinyimvua alilitazama tonge lile kama bondia aliyelala chini, anayemsikia refa akihesabu. Hakuligusa.

Kejeli zote za Abbasi Sitara alizivumilia. Tonge lile hakuliweza.

Hamis naye kimya kilimshinda. "Hata hivyo!" akapaza sauti. "Hata hivyo, jamani, miaka saba! Hakuna mtu aliyemwona mgongo wake umegusa turubai. Kwa nini? Ngumi peke yake? Dua! Dua za mwanamke huyu! Shemeji! Shemeji Sitara, toka hapo nyuma uwaambie hawa. Siku ya yule wa Mombasa, ulipofunga ukakaa mswalani mpaka magharibi, ulimwomba Mungu nini?"

Pazia likafunguliwa. Mwanamke hapiti penye masinia ya wanaume, na Kuruthumu alimvuta kanga, lakini Sitara alipita, mwiko wa pilau bado mkononi, akasimama kando ya mumewe.

"Nilimwomba amwangushe," alisema.

Hamis akacheka kidogo. "Amwangushe yule wa Mombasa, ndiyo, na kweli..."

"Huyu. Nilimwomba amwangushe huyu. Raundi ya kwanza, mbele yenu nyote, mumzomee, mumtupie maganda ya machungwa, mseme hafai. Miaka saba nimefunga kwa ajili hiyo, na miaka saba mmekuja kunigongea dirisha mkishangilia." Akainama, akalitoa lile tonge ukingoni mwa sinia, akalibana kiganjani. "Bingwa mlimtaka nyinyi, Hamis. Mimi nilitaka mume wa kula naye."