Kitufe cha Pembeni

Kipanya cha kompyuta kinahitaji vitufe vingapi? Mimi nasema kimoja, na anayebisha aje akae kwenye kiti changu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye nafanya naye kazi katika chumba cha mitambo ya bwawa, anasema vitano. Asubuhi ile alikuja nacho, cheusi, kinang'aa, akakichomeka mahali pa kile changu cha zamani.

"Shem, utabaki nyuma mpaka lini?" alisema. "Hiki cha pembeni nimekiweka kiwe Ndiyo. Huna haja ya kuhangaika na mshale. Kidole gumba tu, kazi kwisha."

"Na Hapana iko wapi?"

"Hapana utaitafuta mwenyewe. Nani anapenda kuambiwa hapana?"

Alicheka peke yake. Chini ya lango la pili, mume wangu na wenzake watatu walikuwa wanakwangua tope mferejini, na komeo la chuma la lango lile walikuwa wameling'oa ili walisugue kutu. Kila maji yanapopanda, kompyuta huuliza: Fungua lango la pili? Siku hiyo, kati ya watu wale na bwawa zima palikuwa na jibu langu tu.

Swali likaja. Nikashika kipanya nipeleke mshale kwenye Hapana, na kwa mazoea nikakibana kwa kidole gumba. Kikalia tik.

Lango halikusogea, kwa sababu kompyuta haitii kidole kinapobonyeza, hutii kinapoachia. Hilo Shemeji mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Shem, nimebonyeza Ndiyo. Bado nimeshikilia."

Alidhani namtania. Alipouona uso wangu, kicheko kikamkauka. "Usiachie! Nichomoe waya?"

"Ukichomoa, itajua kwamba nimeachia au sijaachia?"

Hakujua. Bingwa wa vitufe vitano hakujua! Akapiga simu ya kule chini mferejini, ikaita weee, lakini nani angeisikia akiwa na tope hadi magotini? Akatoka mbio kwenye ngazi.

Nikabaki na skrini ya kamera inayoonyesha mfereji. Kidole kilianza kufa ganzi, jasho likapenya kati yake na plastiki. Nilimchukia Shemeji kwa roho yangu yote, na papo hapo nikamwombea miguu ya swala.

Hatimaye nikamwona ukingoni mwa mfereji, anarusha mikono, anapaza sauti nisiyoisikia. Wote wanne wakainua nyuso. Mume wangu akamnyooshea koleo kuwaonyesha wenzake, wakaangua kicheko, maana wiki iliyopita tu mdogo wake alikuwa amewakimbiza hivyohivyo, kwa utani. Kisha akampungia mkono wa nenda zako, akainama, akaendelea kukwangua.

Kidole kikaanza kuteleza.