Chumba Kilichoziba Mtaro

Mvua ilipoingia katika chumba cha cherehani na kulowesha vitambaa vya wateja, Mama Uzi hakulia. Alikunja gauni lake, akapanda juu ya meza, akayatazama maji kama amtazamaye mgeni aliyeingia bila hodi.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mteremkoni. Kila jirani wa juu alikuwa amejengesha tuta la saruji mbele ya mlango wake, juu kabisa ya mtaro wa zamani. Maji yaliyokataliwa kwa huyu yalikwenda kwa yule, hata yakamfikia yeye asiye na tuta. Aliyeyajenga matuta yote alikuwa shemeji yake, mwashi, mdogo wa marehemu mumewe.

Asubuhi hiyo afisa wa mji alikuwa ametangaza kwamba mtaa ukifurika tena, wakazi wote watahamishwa.

"Shemeji, funga virago," mwashi alimshauri. "Maji hayana adabu."

"Wasio na adabu ni ninyi mnaonisukumia. Hebu sema kweli: zamani yalipita wapi?"

Mwashi akajikuna kisogo. "Hapa. Chini ya cherehani yako. Kaka alitaka chumba, tukauziba mtaro."

Chumba hicho ndicho kilichomlisha Mama Uzi tangu alipofiwa, ndicho kilichowasomesha wanawe. Aliugusa ukuta wake, kisha akauondoa mkono.

"Lete sululu."

"Una wazimu? Utashonea wapi?"

"Nimekuomba sululu, sikukuomba ushauri."

Alianza kubomoa yeye mwenyewe, vumbi limemjaa hata nyusini. Majirani wakakusanyika. Mwuza nyama akaangua kicheko: "Oneni, leo Mama Uzi anashona matofali!"

"Cheka vizuri, mwanangu," akamjibu bila kugeuka, "maana nikimaliza hapa ninakuja mlangoni kwako. Mimi nimebomoa riziki yangu. Wewe utashindwa na tuta?"

Mwashi aliona haya; akachukua nyundo, akaanza kuyavunja matuta aliyoyajenga mwenyewe, moja baada ya jingine. Mwuza nyama alivunja lake huku akiguna. Karani mstaafu wa nyumba ya juu alijifungia ndani, akapiga kelele kwamba tuta lake haliguswi. Hakuna aliyembembeleza; walichimba kando ya tuta hilo, wakaupitisha mtaro hapo.

Mvua iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Afisa alifika akiwa amevaa mabuti marefu, akaukuta mtaro ukinguruma na vizingiti vikiwa vikavu. Alionekana kukasirika kidogo.

"Nani alitoa kibali cha kubomoa?"

"Mwenye chumba," akajibu Mama Uzi kutoka dirisha la nyumba ya mwashi, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Na kama bado unataka kunihamisha, zungumza na shemeji. Hii ni sebule yake, na hata yeye sikumwomba ruhusa."